Mashine Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Jamani, mkiniona napita mwaloni nimeinamisha kichwa kama natafuta sindano, msidhani ni uchamungu. Ni aibu, tena aibu niliyojitafutia mwenyewe, kipaza sauti kikiwa mkononi.

Mimi ni katibu wa mwalo wetu, mwalo mdogo tu, mbele kidogo ya Katonga, mitumbwi inashusha dagaa na migebuka asubuhi na madalali wanapiga mnada. Mwaka huu mtoto mmoja wa Ujiji anayeishi nje akatuletea mashine ya kushtua moyo, ile ambayo mtu akianguka moyo umesimama, unambandika vibandiko vyake kifuani, yenyewe inaongea, inakuelekeza, halafu inapiga shoti moyo uanze tena. Nesi Zainabu wa zahanati ndiye aliyepewa kazi ya kutufundisha, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Katibu, itundike pale panapouzwa barafu, kila mtu aione. Usiifungie."

Nikaitikia vizuri kabisa, halafu nikaenda kununua kufuli.

Sasa nisikilizeni kabla hamjanicheka. Kwetu kitu kipya cha watu wote hakiguswi mpaka kizinduliwe, ndivyo tulivyozoea, hata choo cha mwalo kilikaa kimefungwa mpaka mkubwa alipokuja kukata utepe (na sisi huku tunaendelea kwenda vichakani, choo tunakiangalia). Basi mashine nikaiweka kwenye kabati la kioo na nailoni yake juu, nikalizungushia utepe, nikapiga kufuli. Nesi akaomba watu waje wafanye mazoezi, nikamwambia subiri uzinduzi, dada yangu. Mgeni rasmi akaahirisha, akaahirisha tena, na mimi kila asubuhi nafuta vumbi kwenye kioo najiona mtu wa maana.

Siku yenyewe ikafika. Maturubai, spika kubwa, ngoma, na mimi ndani ya suti niliyoolea, inanibana tumbo mpaka naongea kwa shida. Mgeni rasmi tunaambiwa yuko njiani, amefika Kidahwe, tukauliza tena, bado yuko Kidahwe, na jua limetukalia utosini. Hamisi, rafiki yangu tangu utoto kule Ujiji, dalali ambaye akitaja bei hata walioko majini wanamsikia, akasimama achangamshe watu. Akaanza mnada wa utani, ananiuza mimi na suti yangu, watu wanacheka, mimi nacheka, mara akashika kifua, akaanguka mbele ya meza kuu.

Nesi alimfikia kabla yangu. Akamgeuza, akamsikiliza pumzi, akaanza kumkandamiza kifua huku anapiga kelele, "Mashine! Leteni mashine!"

Watu wakakimbilia kabati, na mimi (Mungu anisamehe) nilipoona mikono imeushika ule utepe, maneno yakanitoka, na kipaza sauti sijakizima: "Subirini! Bado haijazinduliwa!"

Mwalo mzima ulisikia. Nadhani na ng'ambo Kongo walisikia. Na kibaya zaidi walinitii, wakaachia kabati wakaniangalia, kwa sababu katibu amesema. Hapo ndipo akili iliponirudia, nikapeleka mkono mfukoni kutafuta ufunguo, mfuko mtupu, ufunguo uko kwenye suruali yangu ya kila siku, nyumbani Kasingirima, nyuma ya mlango. Nikapapasa koti, nikapapasa hata ile mifuko ambayo fundi aliishona ya urembo tu, najua kabisa haina tundu.

"We Katibu, unatafuta nini, mwenzio anakufa!" Huyo alikuwa Asha, mke wa Hamisi. Akanyakua jiwe la mizani, akavunja kioo, akatoka na mashine mkono unavuja damu, na nailoni ikabidi aichane kwa meno. Nesi akabandika, mashine ikaongea, ikapiga, na Hamisi akavuta pumzi. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye magamba ya samaki na suti yangu, nalia, wala sikuweza kumtazama Asha.

Mgeni rasmi alikuja baadaye, akakuta utepe umekanyagwa na vioo vimezagaa, akanywa soda akaondoka.

Kabati sasa halina kioo wala mlango, mazoezi tunafanya na nimeshika mimi mstari wa mbele, na nimeapa kwamba kitu cha kuokoa roho ya mtu sitakifungia tena, hata aje nani kukata utepe. Wauza dagaa wananitania, "Katibu, chai imeiva ila bado haijazinduliwa!" Nacheka nao, nastahili.

Ila Nesi aliniita pembeni akaniambia, bila ukali wowote, kwamba ule muda tuliopoteza ubongo wa Hamisi ulikosa hewa. Yupo hai, anakula, anatembea. Kila asubuhi anakuja anakaa juu ya kreti, na mnada ukianza midomo inamcheza, anaitafuta bei, anaitafuta, inakuja kumjia samaki wakiwa wameshauzwa na kubebwa. Akiipata anaitamka polepole, halafu ananigeukia mimi.

"Nimewahi?"

Namwambia, umewahi, ndugu yangu.