Siku Mtani Alipoliwasha Gari la Babu

Asubuhi ya leo nimepiga stata, gari likasaga meno. Krrraaa! Kuku wa jirani wakaruka ukuta. Fundi, kijana mpole, akachomeka kimashine chake, kikamwambia gari ni zima kabisa. Akakiweka kando, akaniomba niwashe tena, akatega sikio. "Mzee, meno ya flaiwili yamelika," yaani lile gurudumu la injini linalozungushwa na stata. Akataja bei, nikataja yangu, tukakutana karibu zaidi na kwangu. Lakini, ndugu yangu, mimi pale nilikuwa nimeshaondoka kitambo. Nilikuwa mtaani kwetu Ng'ambo, Unyamwezini, uani kwa babu, alfajiri ya kiangazi, moshi wa kuni umelala chini bila haraka, na harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikipita chini ya mlango kabla ya mwanga.

Babu alikuwa na pikapu ya bluu, ingawa ubluu wenyewe ulikuwa umebaki sehemu chache. Aliiendesha hadi Puge kununua karanga, akarudi kuziuza mjini. Ilipowashwa ilipiga kelele kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Mbwa walijibu, watoto wachanga walilia. Dawa yake tuliijua sote: babu anaingiza gia, sisi wajukuu tunaisukuma hatua moja, injini inageuka kidogo, na kile kigia cha stata kinakutana na meno mazima badala ya yale yaliyolika. Anatoa gia, anajaribu tena, inawaka. "Sukumeni! Hamjala?" Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu ya asubuhi.

Jirani yetu alikuwa fundi wa magari, Mzaramo aliyekuja na treni kumsalimia dada yake, akasahau kurudi. Nawe unajua Mnyamwezi na Mzaramo wana nini: utani, tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kupokelewa na wazee wao. Basi kila kelele ile ilipopasuka, yeye alikuwa tayari ukutani, mswaki mdomoni.

"Wanyamwezi! Mmezoea kubeba mzigo kichwani, gari la nini? Kichwa hakina stata!"

"Nyamaza, Mzaramo," babu alimjibu. "Babu yangu alifika kwenu na mzigo mzima, akarudi na ngoma masikioni tu."

"Niletee nikubadilishie flaiwili, mji ulale."

"Nikulipe ili nipate kimya? Kimya kipo bure."

Hapo bibi alicheka kule jikoni. Kicheko chake kilianzia puani, kama mtu anayejizuia kupiga chafya, kisha kikamshinda. Mpaka leo sijasikia mfano wake.

Babu akafariki mvua za kwanza zikianza. Bibi akaingia chumbani, akanyamaza. Hakulia, hakula. Uji uliletwa ukapoa, ukaletwa mwingine, nao ukapoa. Shangazi zangu walimbembeleza, mchungaji akaja akaomba, akaondoka akitazama viatu vyake. Nilimsikia shangazi mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba wajane wa namna hii huwa wanamfuata mume. Nilikuwa mdogo, lakini hesabu hiyo niliielewa: walikuwa wawili, amebaki mmoja, na huyo naye anajiandaa kuondoka.

Siku ya kuanua matanga watu walikuwa wamekaa mikekani, wanaongea chini chini. Mara, krrraaa! Ua mzima ukashtuka. Ilikuwa kelele ya babu yenyewe. Mama mmoja akapiga yowe. Tulipogeuka, Mzaramo alikuwa nyuma ya usukani, amevaa koti la kaki la marehemu na kofia yake. Funguo alizitoa msumarini mwenyewe, na mtani msibani, kazi yake kuwachekesha wafiwa, nani atamzuia? Akatoa kichwa dirishani, akakohoa kwanza, kikohozi kile kile cha babu.

"Sukumeni! Hamjala? Nimefika huko nimeambiwa kwa kelele hii siingii, nimerudi kutafuta fundi! Na mwambieni mke wangu alete michembe, nimesafiri na njaa."

Watu wakainama kuficha nyuso. Mabega ndiyo yaliyowasaliti.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Bibi akasimama kizingitini, ameushika mlango kwa mikono yote miwili.

"We Mzaramo! Shuka kwenye gari la mume wangu, utayamaliza hayo meno yaliyobaki!"

"Sishuki mpaka nile."

"Kula uondoke!"

"Nile na nani? Mke wangu yupo, halafu nile peke yangu kama mgeni?"

Kisha kicheko kikaanza, kule puani. Kikamshinda. Katikati ya njia kikageuka kilio, kile tulichokuwa tukikingoja, kikatoka kirefu mpaka shangazi wakamkalisha chini. Sahani ya michembe ikawekwa mkekani kati yake na mtani. Mzaramo akala kipande, akamsogezea sahani. Nilivihesabu vipande vilivyobaki, nikarudia kuvihesabu. Vilikuwa vinapungua pande zote mbili.

Mvua zilipokwisha, bibi mwenyewe alimwita aitengeneze pikapu. Akashusha gia boksi, akabadilisha flaiwili, na ilipowashwa ikawaka kama mtu anayeguna usingizini. Bibi akaisikiliza, akatikisa kichwa. "Sasa limekuwa gari la mtu yeyote," akasema. Halikukaa, likauzwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akicheka na kula vizuri.

Mzaramo alirudi kwao pwani uzeeni. Taarifa ya kifo chake ilinifikia kwa simu, maziko yakiwa yameshapita. Nikamuuliza aliyenipigia, msiba ulikuwaje? Akasema watu walikuwa wengi, viti vilitosha, kipaza sauti kilikuwa kizuri, kila jambo lilikwenda kwa utaratibu wake.

Utaratibu! Msiba wa Mzaramo yule, mwanzo hadi mwisho, na hakupatikana Mnyamwezi hata mmoja wa kuuharibu.