Kichwa cha Akimana

Theodosia ni mwoga, na simsengenyi kwa kusema hivyo. Hata yeye anakiri. Anaogopa ng'ombe, anaogopa radi, anaogopa bodaboda zinazoteremka kilima cha Kasulu kama zimefukuzwa, na zaidi ya vyote anaogopa mtu mwenye kitambulisho shingoni. Mimi ni nesi, kitambulisho ninacho, na tulikaa majirani muda mrefu kabla hajaacha kunijibu kwa neno moja moja. "Mama Elieth, umeshakula?" "Ndiyo." "Mguu umepona?" "Ndiyo." Kwetu Tanga ukimuuliza mtu habari za mguu atakusimulia mpaka harusi ya shangazi yake.

Baadaye nilimwelewa. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku Kasulu, na mpaka walipopewa uraia alikuwa ameshahojiwa na maofisa wa kila namna. Nyumbani kwao walifundishwa mapema: afisa akiuliza, jibu kifupi, na udhaifu wa mtu wenu usiutaje. Tena wana kitu wanakiita ibanga. Ni siri, ila ina uzito kuliko siri zetu sisi. Mtu akikukabidhi jambo akasema ni ibanga, ukilitoa nje umejivunjia heshima mbele ya ukoo mzima.

Alimzaa mtoto mmoja tu, Elieth, msichana wa mabega mapana anayecheza raga timu ya taifa ya wanawake. Wa pili ni Akimana, mtoto wa dada yake. Dada huyo aliolewa na mkimbizi wa kambini Kibondo, maisha ya kambi yakamshinda kulea, na Theodosia akamchukua mtoto. Wasichana walilala kitanda kimoja na kula sahani moja, mpaka wazazi wa Akimana waliporudi Burundi wakaondoka naye. Huko naye akaingia kwenye raga. Basi mwaka huu ikapangwa mechi ya kirafiki Dar es Salaam, Tanzania na Burundi, na watoto wa sahani moja wakawa wanakwenda kugongana.

Wiki nzima kabla ya mechi, mwalimu William, Mnyakyusa aliyemfundisha Elieth kushika ule mpira wa umbo la yai, alikuwa haondoki kwenye meza ya Theodosia pale sokoni anapouza maharage. Mwalimu akianza kuchambua timu, hata wateja wanasahau walichokuja kununua.

"Sisi miili tunayo," anasema. "Lakini mpiga mateke wetu goti limekwisha, na winga wa kulia kifundo kimevimba, sijui kama ataingia uwanjani. Wao hawana uzito, ila wana mbio, na hawana majeruhi. Wanashinda siku hizi kwa sababu ya mtu mmoja tu, Akimana. Kila mpira unapitia mikononi mwake. Mtoe huyo, waliobaki watakuwa wanatafutana."

"Na huyo, ni mzima?" Theodosia akauliza.

"Mzima kama chuma! Au wewe una habari zaidi? Mama Elieth, wewe ni jasusi wa upande gani?"

Watu wakacheka. Theodosia hakucheka. Midomo ilimpauka, akaanza kuokota vijiwe kwenye maharage ambayo alikuwa ameshayachambua asubuhi. Nilidhani ni lile neno jasusi, maana mtu ambaye uraia wake umesubiriwa hivyo hataniwi kwa neno kama hilo, nikamkemea mwalimu mbele za watu. Kumbe hofu yake haikuwa hapo.

Jumamosi mchana tulikaa sebuleni kwangu, sisi watatu, simu ya mwalimu imeegemezwa kwenye kopo la sukari ikionyesha mechi. Nyimbo za taifa zikaisha. Theodosia alikuwa ameshika kikombe cha chai bila kukinywa.

"Mwalimu," akasema, "mtu akimkaba mwenzake polepole, kwa huruma, inakuwaje?"

"Anaumia yeye mwenyewe," William akajibu bila kugeuka. "Kwenye raga ukimwendea mtu, mwendee moja kwa moja. Ukisitasita, kichwa chako kinabaki mahali pabaya, na mwenzako anakuja na mbio zake zote."

Kikombe kilimtoka mkononi. Chai yote kwenye zulia langu.

"Mana yanje, Mungu wangu! Nimempigia Elieth asubuhi. Nimemwambia asimkabe Akimana kwa nguvu."

"Kwa nini?" nikauliza.

Akainama kuokota kikombe. Nikauliza tena, na sauti yangu naijua, ikipanda wagonjwa wa wodi nzima wanakaa sawa. Akaangalia mlango, akaniangalia shingoni, ingawa siku hiyo nilikuwa na kanga tu.

"Mama Saady, ni ibanga."

"Ibanga la nani?"

"La mtoto." Machozi yakaanza kumtoka. "Aligonga kichwa mazoezini, wiki iliyopita. Alizimia kidogo. Jioni akatapika. Kocha wake alimwambia ni malaria, apumzike tu. Akanipigia mimi, akasema mama, wakijua hawatanipanga, ni ibanga."

Sijawahi kuogopa hivyo nikiwa nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe. Nimeona vijana wa bodaboda walioanguka, wakaamka, wakacheka, wakaanguka tena wiki hiyohiyo. Ubongo uliotikiswa haujapona, ukitikiswa mara ya pili, mtu anaweza kufa huku watu wanampungia fulana. Nilimwambia hivyohivyo, sikumpaka mafuta. Theodosia akashika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili.

Mwalimu alikuwa na namba ya Longinus, rafiki yake anayekaa benchi na makocha wa Tanzania. Tukapiga kwa simu yangu. Iliita mpaka nikaanza kusoma dua. Longinus akapokea, akasikia kuna mchezaji mwenye jeraha la kichwa, hakusubiri hata jina, akampelekea simu daktari wa uwanjani.

"Siwezi kumtoa mchezaji kwa maneno ya mtu baki," daktari akasema. "Nipe ndugu yake."

Nikamsukumia Theodosia simu, sauti nimeifungua tusikie wote.

"Wewe ni nani kwake?" daktari akauliza.

"Mama."

"Mama mzazi?"

"Hapana."

"Una uhakika na unachokisema?"

Theodosia akafumba mdomo. Nilimwona kabisa akirudi utotoni, amesimama mbele ya meza ya ofisa, baba yake amemshika bega. Nilitaka kumfinya.

Hapo ndipo tulipousikia uwanja. Ndani ya simu watu walipiga ukelele mmoja mkubwa, halafu kimya, halafu filimbi. Lakini kwenye kopo la sukari hakuna kilichotokea. Wasichana walikuwa wanakimbia vizuri tu.

"Picha za mtandao huchelewa," William akasema. "Hilo limeshatokea. Sisi bado."

Daktari akasema, "Subirini," tukasikia miguu yake ikikimbia. Tukabaki tunaangalia watoto wazima, tukijua kwamba mmoja ameshaanguka, na hatujui ni yupi. Theodosia alisogeza uso mpaka ukakaribia kugusa kioo. "Msikimbie," akawa anawaambia. "Wanangu, msikimbie."

Akimana akapokea mpira. Akawapita wawili. Mbele yake kabaki Elieth. Nikamwona Elieth anainama, anajiandaa, halafu, kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma, anasita. Aliingia nusunusu, kichwa upande mbaya. Wakagongana, wakaanguka wote. Mmoja akainuka na kupiga magoti. Mwingine akabaki chini, jezi ya Tanzania.

Theodosia hakulia. Alishika simu yangu kwa mikono yote miwili kama anayeikamua maji.

Daktari akarudi, anahema. "Mama, yule wa kichwa ndiye huyu aliyelala?"

Jibu lilikuwa la neno moja, na hiyo ndiyo lugha yake. Angesema ndiyo, macho yote yangekwenda kwa binti aliyemzaa; Akimana angeinuka, akafuta magoti, akaendelea na mechi na ibanga lake likiwa salama.

"Hapana," Theodosia akasema. "Aliyelala ni mwanangu Elieth, nimemzaa. Mtazame, tafadhali. Lakini wa kichwa ni huyo aliyepiga magoti pembeni yake. Huyo naye ni wangu, nimemlea. Alizimia wiki iliyopita. Alitapika. Kocha wake alisema malaria, si malaria. Ameniambia nisiseme. Usimwache acheze, hata akikuapia. Mimi naitwa Theodosia, nipo Kasulu, andika jina langu, watoe wote wawili." Alizungumza bila kupumua. Mimi na mwalimu hatukuwahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa mkupuo, na kwa afisa tena.

Walitolewa wote wawili. Burundi bila Akimana ikawa kama mwalimu alivyotabiri, wakapoteza mechi, na William hakushangilia hata kidogo. Elieth alikuwa amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Amerudi, mkono umefungwa shingoni, anakula kwa kushoto na kulalamika. Akimana alipimwa hospitali, na daktari akamwambia asiguse mpira kwa miezi mingi, akaongeza kwamba ameponea chupuchupu.

Alipiga simu mara moja tu. Nilikuwepo. "Nilikukabidhi ibanga," akasema. Theodosia akajibu, "Ego, ndiyo, ulinikabidhi," na hakuomba radhi. Simu ikakatwa.

Tangu siku hiyo, kila jioni akifunga meza ya maharage, Theodosia anampigia. Simu inaita, halafu inakatwa. Nilimwambia aache, anajiumiza bure, mtoto akipoa atapiga mwenyewe. Akanitazama kana kwamba uuguzi sikusomea.

"Mama Saady, inapoita naogopa," akasema. "Akikata ndipo nakwenda kupika. Aliyekufa hakati simu."