Amortisere Mpya na Safari ya Sake

Jumamosi nilikuwa mtaani Himbi kwa jirani yangu, nikimtazama akifunga amortisere mpya za mbele, zile za kupunguza mitikisiko, kwenye pikapu yake, palepale uani. Magurudumu mawili ya mbele alikuwa ameyatoa kwa mikono yake mwenyewe, pua ya gari imekaa juu ya mawe ya volkano, na resori, ile springi nene ya chuma, ameibana kwa kamba.

"Garaji ya nini?" aliniambia akijipiga kifua, spana mkononi. "Ni kufunga bulo tu!"

Kamba ikakatika. Resori ikaruka, ikapiga geti la bati: BUUM!

Hapa Goma, baada ya yote tuliyoyaona, mtu akisikia mlio kama ule hakai kuuliza kama ni volkano ao ni vita. Anabeba godoro. Hata sijacheka vizuri, uwanja ulishajaa: watu tisa na mbuzi mmoja juu ya pikapu, wanapiga bodi kwa viganja, wanataka kukimbilia mji wa jirani. "Papa, washa! Twende Sake!"

Nilitaka kuwaeleza, lakini kicheko kilinikaba. Nikamtafuta mwenye gari aje awatulize. Nilimkuta kwenye usukani, jasho linamtoka, anakanyaga mafuta kwa nguvu zote, injini inalia, pua ya gari ingali juu ya mawe.

"Papa," mke wake akamuuliza kutoka kiti cha pembeni, godoro magotini, "mbona hatuendi?"

Akageuka nyuma kwa hasira, vidole viwili juu.

"Muko bengi sana! Mushuke babili!"