Siku Niliyomshitaki Mama Mkwe kwa Wizi wa Chura

Nianze kwa kukiri tu, maana nisiposema mimi atasema mwingine na ataongeza chumvi: mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, katibu wa jumuiya yetu pale Gungu, niliwahi kusimama mbele ya waumini thelathini na kitu, rozari bado iko mkononi, nikamshitaki mama mkwe wangu kwa kosa la kuiba chura. Mmesikia vizuri, chura. Na msianze kucheka, bado sijafika kunakochekesha.

Kwanza mnielewe mimi ni nani. Kazi yangu ni samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaovuliwa hai ziwani wakasafirishwa kwa ndege kwenda kukaa sebuleni mwa watu nchi za mbali. Mimi ndiye ninayewapokea kwa wapiga mbizi, nawapumzisha kwenye vioo, yaani matangi ya kioo, nawafunga kwenye mifuko yenye oksijeni, miaka tisa sasa, na wenzangu wakiona samaki amelala ubavu wananiita mimi. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna kiumbe cha majini nisichokiweza, mimi humwangalia tu nikamsikitikia.

Basi kulikuwa na dada mmoja mgeni, mtafiti wa konokono wa ziwani, aliyekuwa akija kazini kwetu kuazima vifaa. Nyumbani kwake alifuga chura. Si hawa wetu wa mtaroni, huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, alizalishwa na watu wanaofuga: mviringo kama andazi, kijani na kahawia, mdomo unatoka sikio mpaka sikio (angekuwa na masikio), na juu ya kila jicho kapembe ka nyama kamesimama. Dada alipomaliza utafiti wake akaniambia, "Wewe unajua viumbe, nikuachie huyu." Akanipa na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa pande mbili. Nikasoma upande mmoja. Upande wa pili nikaona ni kumkosea heshima mtu wa miaka tisa.

Na hata huo upande mmoja niliusoma baada ya kuharibu. Siku ya kwanza nilimjazia maji nusu kioo, nikawasha pampu ya hewa, nikavuta kiti nimtazame akiogelea. Alizama kama jiwe la kusagia. Nikamtoa mbiombio, ananitazama kwa dharau, ndipo nikachukua karatasi nikakuta mstari wa kwanza kabisa unasema huyu ni chura wa udongoni, maji yasizidi kidevu.

Lakini baada ya hapo, jamani, nilifanya kazi ambayo hata leo najivunia. Nilichota udongo mweusi chini ya michikichi, mahali pasipowekwa mbolea, nikauchekecha, nikaukaanga kwenye sufuria kuua siafu (sufuria ya mke wangu ya ugali, kesi hiyo tuliimaliza wenyewe). Nikautandaza vidole vitatu, nikaunyunyizia maji mpaka ukawa ukiufinyanga unashikana lakini hautoi tone. Maji yenyewe ya bomba nilikuwa nayalaza siku mbili ndooni yaishe dawa. Kigae cha chungu cha kujifichia, majani makavu, kisahani cha maji, juu wavu wa dirishani, na kioo nikakiweka kwenye kona ya sebule ambako jua halifiki lakini joto lipo. Chakula panzi na minyoo, kila baada ya siku mbili tatu, si zaidi, maana hawa hula mpaka wakafa. Akanenepa, akang'aa, siku nzima amekaa hafanyi lolote na kila mtu anamhudumia. Nikamwita Meneja.

Wakati huo ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Kagunga, amekuja kutibiwa mtoto wa jicho, hospitali wakampa tarehe ya kusubiri. Ni mama mpole, maneno yake machache. Siku ya kwanza tu akaelekezwa kwenye kioo, akainama, akanusa.

"Mwana wanje," akamwambia mke wangu, "mume wako ameweka igikere ndani ya nyumba?"

"Ndiyo mama, anamfuga."

"Anamfuga amle lini?"

Tulipomweleza kwamba haliwi, akasema siku atakayoamka na nguvu atamrudisha ziwani kwa ndugu zake. Tukacheka wote. Mimi nikacheka zaidi, ila neno nikaliweka moyoni.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniangamiza. Nilitakiwa kusafiri kusini mwa ziwa na wapiga mbizi, siku sita. Asubuhi ya kuondoka nikamtazama Meneja nikaona amechimbachimba kidogo chini ya kigae, nikasema moyoni, huyu anataka godoro nene. Nikaongeza udongo ukafika shubiri nzima, nikaunyunyizia kidogo tu kwa haraka, boti linaningoja. Mke wangu akasema, "Baba Neema, nionyeshe basi namna ya kunyunyizia." Nikamjibu (nasikia aibu kurudia) kwamba kunyunyizia ni utaalamu, akizidisha ataua, asiguse mtu kioo hiki mpaka nirudi. Nikasema kwa sauti ili na mama mkwe asikie.

Siku sita zikawa wiki tatu. Injini iliharibika, kifaa kikatafutwa mpaka tukachoka kungoja, na kiangazi kile kilikuwa cha vumbi tupu, ziwa lenyewe hulioni vizuri. Nikarudi Ijumaa jioni. Hata begi sijashusha, nikaenda kwenye kioo: udongo umekauka umepasuka kama mguu wa mkulima, chini ya kigae hakuna mtu, na wavu wa juu umekaa upande.

"Nani amefungua hapa?" nikauliza.

Mke wangu akatikisa kichwa. Nikamgeukia mama mkwe, kwa adabu zote, nikamuuliza, "Mama, umefungua?"

"Nimefungua," akasema.

Hapo alikuwa amevuta pumzi aendelee, namkumbuka kabisa na mdomo wake wazi, lakini mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Nikasema, "Basi mama, imetosha," nikaingia chumbani nikalala na hasira yangu kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Kesho yake asubuhi jumuiya ilikuwa zamu ya nyumbani kwetu. Mabenchi uani, mikeka, watu wamejaa. Tulisali vizuri, tukapanga usafi wa kanisa, tukafika kwenye mengineyo. Mtu mwenye akili kwenye mengineyo hutangaza mazishi akakaa. Mimi nikasimama, nikakohoa, nikaanza na methali. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema kuna watu unawafungulia mlango kwa mapenzi, unapowapa kisogo wanakutolea mali. Mke wangu akanivuta suruali, nikaisogeza suruali. Nikasema, "Mimi simtaji mtu, ila mama, naomba uwaeleze wenyewe ulichokifanya na yule chura wangu, maana kwenye kioo umebaki udongo mtupu."

Mama mkwe alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akaingia ndani akipapasa ukuta kwa mkono, na tukasikia zipu ya begi.

Ndipo mwenyekiti wetu, Mama Leokadia, mwanamke aliyezaliwa na kulima Kasulu na haogopi mtu, akauliza, "Katibu, na huo udongo? Umefukua?"

"Kufukua nini?"

"Kwetu vyura kiangazi tunawatoa na jembe shambani. Wanajizika."

Nikatabasamu lile tabasamu langu la kazini. Nikamwambia, "Mwenyekiti, kwa heshima zote, chura si kiazi." Watu wakacheka, nikapata nguvu, na nguvu ile ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu badala ya kukaa chini nikasema nitathibitisha. Nikaenda ndani, nikabeba kioo kizima, nikakipindua juu ya mkeka mbele ya kila mtu.

Vumbi likatimka. Yakamwagika mabonge, majani, kigae, na mwisho kabisa likadondoka bonge moja la mviringo, limefungwa ndani ya kitu kama karatasi ya khaki iliyokauka. Nikalisukuma kwa ncha ya kiatu. "Mnaona? Udongo."

Udongo ukapumua.

Mama Leokadia alichukua jagi la maji ya kunawa akalimimina pole pole juu ya lile bonge, karatasi ikalainika (kumbe ni ngozi yake mwenyewe, alikuwa amejivika asikauke), likatokea jicho, likatokea la pili, ukatokea mdomo, na Meneja akaanza kuivuta ile ngozi na kuila kana kwamba tumemwandalia. Mabenchi mawili yalianguka. Mzee mmoja alipiga ishara ya msalaba mara nne. Mimi, kuonyesha kwamba hali bado iko mikononi mwangu, nikainama nimnyanyue, na Meneja, ambaye hakuwa ameonja panzi kwa wiki tatu, akakiona kidole changu.

Sijui kama mmewahi kung'atwa na chura mwenye pembe. Haachii. Nilizunguka ua ule mara mbili na chura ananing'inia kidoleni, nikipiga kelele ambazo watoto wa jirani bado wanaziigiza, mpaka Mama Leokadia akanishika mkono kama mtoto akauzamisha ndooni, ndipo Meneja akaachia. (Upande wa pili wa karatasi, nilikuja kuona, unasema mambo mawili: kiangazi hujizika, na usimpelekee kidole.)

Watu walikuwa wamelala chini kwa kucheka. Kisha kicheko kikakatika, maana mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na begi lake.

"Nilifungua kila asubuhi," akasema, hakupandisha sauti. "Nikamwekea maji kwenye kisahani. Hata kama simpendi, kiu ni kiu. Uliniuliza kama nimefungua, nikasema nimefungua. Kwa nini, hukuuliza."

Akapita katikati ya watu, akapanda bodaboda ya kwanza iliyokuwa barabarani. Jumanne ndiyo ilikuwa tarehe yake ya jicho. Mke wangu aliniambia maneno matatu tu, "Mfuate. Sasa hivi."

Nikamfuata na bodaboda nyingine, kidole nimekifunga kwa mtandio wa Neema wa maua, mpaka mwaloni Kibirizi, nikakuta boti la Kagunga linapakia magunia. Nikapiga magoti palepale kwenye mchanga wenye magamba ya dagaa, mbele ya wapagazi, nikasema, "Mama, nimekosa. Sikukusikiliza. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

Wapagazi wakaweka mizigo chini kusikiliza. Halafu mama mkwe akasema, "Simama, unaharibu suruali ya kusalia." Na nilipofikiri nimesamehewa akaongeza, "Narudi kwa ajili ya jicho langu, si kwa ajili yako. Na Jumamosi ijayo, watu walewale, utayasema haya haya."

Nikayasema. Si rahisi kuomba radhi mbele ya watu wanaojizuia kucheka, na walijizuia vibaya, lakini nilisema yote bila methali hata moja, na mama mkwe akiwa amekaa mbele na bandeji jichoni akaitikia ndiyo ya kwao, "Ego." Ilitosha.

Bandeji ilipotolewa, siku moja nilimkuta ameinama mbele ya kioo, uso karibu unagusa.

"Kumbe ana pembe!" akasema.

Nikabaki nimeshika mlango. Wiki zote zile alikuwa akitafuta kisahani kwa vidole, anamwekea maji mnyama asiyempenda, ambaye hamwoni, ndani ya nyumba ya mkwe aliyekataza. Nilitoka nje nikajifanya natafuta panzi.

Kioo sasa ni kizuri kuliko mwanzo, nasema bila kujisifu (haya, kwa kujisifu kidogo): udongo una unyevu wake, na kila mtu nyumbani anajua kunyunyizia, hata Neema. Ila nimejiwekea nadhiri kwamba nikimuuliza mtu swali nitafunga mdomo mpaka amalize jibu lake, na nawaambia ukweli, hiyo ni ngumu kuliko kufuga chura. Juzi tu mke wangu alianza, "Baba Neema, kuhusu mama," nikadakia kwamba najua, najua, nitampigia simu. Akanitazama tu. Nikanyamaza, nikakaa chini, nikasubiri kama mtu anayesubiri sindano.

Akamaliza. Mama anakuja mwezi ujao, jicho la pili, na amesema atakaa mpaka apone kabisa.