Siku Niliyomfukuza Mama Kazi

Kuna harufu moja ambayo hadi leo ikinipitia puani hunisimamisha: ya mafuta ya kung'arishia mbao, yale yenye limau. Juzi niliikuta kwenye lifti ya ofisini kwetu, hapa Toronto, nikapitiliza ghorofa mbili bila kujua. Ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya mama yangu. Mama za wenzangu walinukia vitunguu na karafuu. Wangu alinukia samani za watu.

Tulikaa ghorofa ya kumi na nne, St. James Town, mahali ambapo upepo ulizunguka baina ya majengo hata theluji dirishani kwetu ilionekana inapanda badala ya kushuka. Mimi niliamini hivyo ndivyo theluji inavyofanya dunia nzima. Mama alisafisha nyumba moja kubwa upande wenye miti mingi, nyumba ambayo sikuwahi kuikanyaga lakini niliijua kuliko yetu, maana kila jioni alinisimulia: ngazi inayojizungusha, saa ya ukutani yenye sauti nzito, meza ya watu ishirini ambayo watu watatu waliinywea chai. Nililala nikitembea ndani ya nyumba ile, pekupeku, juu ya mazulia.

Chini ya jengo letu palikuwa na ukumbi, na ukumbini alikuwapo Bibi Doreen, Mwingereza mwembamba aliyestaafu ualimu, mwenye sweta nyingi za rangi moja. Yeye ndiye aliyeamua kwamba sisi watoto wa maghorofani, pamoja na wazazi wetu, tuigize tamthilia ya Kiingereza ya zamani, ya enzi za majumba yenye kengele za kuitia watumishi. Mama aliguna akasema kazi mbaya si mchezo mwema. Lakini ukumbi ulikuwa na joto, basi akaniruhusu.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mke wa tajiri mwenye kiwanda amepotelewa na kijiko cha fedha, anamfukuza mpishi wake wa miaka mingi. Baadaye kijiko kinapatikana ndani ya bitana ya koti la mwanawe. Familia inakaa kubishana kama kuna haja ya kumtafuta mpishi, mwishowe wanafunga dirisha wanaendelea na chai. Bibi Doreen alitukusanya akatuambia kwamba mchezo huu hauulizi nani mwizi. Unauliza nani atavaa koti atoke kwenye baridi kwenda kumtafuta yule mama. Sisi tuliitikia kwa vichwa kwa adabu, tukiwazia biskuti.

Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nikapewa nafasi ya mke wa tajiri. Kichwa kilinivimba kwa wiki nzima.

Mama ndiye aliyenifundisha. Tukikunja mashuka kwenye chumba cha mashine za kufulia, yeye alisoma maneno ya mpishi na mimi nikamfukuza, tena na tena, huku mashine zikinguruma.

"Mbona unafoka?" alinikatiza. "Watu wale hawafoki. Sema taratibu, kama unaagiza maziwa. Na usimwangalie. Pangapanga vitu vyako mezani mpaka aondoke."

Niliona mama yangu ana kipaji kikubwa. Nikajifunza kupangapanga.

Ikabaki wiki moja, na jirani aliyepewa nafasi ya mpishi akabadilishiwa zamu kazini. Bibi Doreen alishika kichwa. Siku zile Mama alikuwa ameanza kunifuata shuleni mwenyewe, jua bado lipo, na kukaa viti vya nyuma tukifanya mazoezi. Nilifurahi wala sikuuliza. Mtoto haulizi neema imetoka wapi. Mama akainua mkono.

"Maneno ya mpishi nayajua," alisema.

Sasa lazima nikwambie jinsi nilivyolelewa. Nyumbani kwetu mtoto hakumsemesha mkubwa aliyesimama, yeye akiwa amekaa. Alinyanyuka, akaamkia, na chochote alichopewa alikipokea kwa mikono miwili. "Heshima si utumwa," Mama alikuwa akisema, nasi tukatii bila kufikiri.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Nimekaa kwenye kiti changu kikubwa, shali mabegani, nimekunja uso vizuri kabisa. Mlango ukafunguka, Mama akaingia na sinia, kofia nyeupe kichwani, na ile harufu ya limau ikanifikia kabla yake. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikalipokea sinia kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, Mama."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Marahaba!"

Mama hakucheka. Alilichukua sinia taratibu, akaniinamia sikioni.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Nifukuze."

Nikakaa. Nikamfukuza kwa sauti ya kuagiza maziwa, nikipangapanga vikombe. Mpishi wetu alipaswa kusema tu, "Vyema, bibi," kisha atoke. Mama hakusema hivyo. Alifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mapajani mwangu. Akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, kwamba hakuchukua kitu. Kisha akarudia kwa Kiswahili, akiwatazama watu wote: "Mimi sikuchukua." Ndipo akatoka.

Niliona aibu kupita kiasi. Kwenye lifti nilimwambia, "Mama, umeniharibia show."

"Nisamehe," alijibu, akitazama namba za ghorofa zikipanda. "Ulimi hauna mfupa."

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto wangu, mama mdogo aliponieleza bila kujua kwamba sijui. Mwezi ule kwenye nyumba ya ngazi za kujizungusha ilipotea bruchi, pini ya pambo ya kifuani. Mwenye nyumba, akiwa amekaa, akipangapanga vikombe, alimwambia Mama asirudi tena. Bruchi ilionekana baadaye. Mama alizisikia habari hizo kwa mtunza bustani. Hakuna aliyevaa koti kumtafuta.

Nilikaa jikoni muda mrefu siku ile. Nilihesabu mara nilizomfukuza kati ya yale mashuka, yeye akinirekebisha ili nifanane zaidi na yule mwenye nyumba, mpaka ifike siku ya kumjibu. Nililia, kisha nikampigia simu. Nikamwamkia, nikamwambia nimeelewa, anisamehe kwa kila kikombe nilichokipanga.



"Lakini wewe ulisimama, mwanangu," alisema. "Yule hakusimama."