Nguzo ya Koku na Nyimbo Tatu za Panki

Wengi hapa Kashai mnasema nilikwenda Kampala kumrudisha binti yangu nyumbani kwa fimbo. Mnasema uongo. Koku ana miaka thelathini na minne, amezaa, anajilisha mwenyewe. Mtu wa namna hiyo harudishwi kwa fimbo. Nilikwenda kwa sababu ya nguzo.

Ilikuwa hivi. Jirani yangu mwenye duka aliniletea simu yake huku anacheka. "Mzee, njoo umwone Koku wako." Nikaona ukumbi wenye taa nyekundu, nguzo ya chuma katikati ya jukwaa, na binti yangu yuko juu ya nguzo, kichwa chini, miguu juu. Nikafumba macho haraka. Kwetu baba haangalii mwili wa binti yake mtu mzima, hiyo ni laana ya kujitafutia. Lakini kabla sijafumba nilikuwa nimeshaona kitu ambacho mwenye duka hakukiona. Nguzo ilikuwa inacheza kwenye shina.

Mimi nimechomelea chuma miaka arobaini. Niliishia darasa la tatu, hesabu ya kugawanya ilinipita, lakini hakuna geti langu lililowahi kumwangukia mtu. Nikajua ile nguzo itang'oka, na itang'oka na mtoto wangu.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Kampala. Nilibeba begi moja la nguo na moja la vifaa, na la vifaa ndilo lililokuwa zito. Mpakani Mutukula askari akaligeuza lote. Akainua spana yangu kubwa, akaniuliza naenda kufanya nini.

"Kumwona binti yangu."

"Anafanya kazi gani?"

Nimejenga nyumba mbili kwa mikono hii, simwogopi mtu, ila pale niliogopa swali. "Kazi za chuma," nikasema. Akagonga muhuri.

Toka hapo mpaka Masaka sikuona barabara. Kila nikisinzia naona shina la ile nguzo linacheza.

Saa nane mchana nilifika Kampala. Koku alinipokea akapiga magoti kama alivyofundishwa na mama yake, mbele ya watu wote wa stendi, na mimi nikashindwa kusema maneno niliyoyapanga tangu kwetu Bukoba. Akanipeleka kwake Makindye, chumba kimoja kisafi karibu na kambi ya jeshi. Chakula kilikuwa tayari, matoke na karanga. Nilikula kwanza. Kisha nikamwambia, "Nimeona nguzo yako. Inacheza."

Akacheka. "Baba, umetazama?"

"Nimetazama nguzo."

Akaacha kucheka. Akanieleza kwamba zamani haikuwa hivyo. Alipokuwa anacheza nyimbo za mapenzi, za taratibu, watu walikaa kwenye viti na bia zao, na nguzo ilitulia. Tangu aanze kucheza panki watu hawakai. Wanaruka, wanagongana mabega, wengine wanapanda jukwaani.

Mimi panki nilijua ni mkato wa nywele. Nikamwambia hivyo.

"Ni muziki, Baba. Wa watu waliochoka kuomba ruhusa. Hujui kupiga gitaa, unapiga. Huna studio, unarekodi jikoni."

"Kwa nini sasa uuvulie nguo?"

"Kwa sababu kwenye nyimbo za mapenzi nilikuwa najifanya. Nacheka na mtu ambaye simtaki. Kwenye panki nikikasirika, nakasirika, na hakuna anayenidai kucheka."

Sikulipenda jibu lile. Lakini lilikuwa jibu.

Ijumaa asubuhi tulikwenda ukumbini. Mwenye ukumbi ni askari mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, wanamwita Afande Ojok. Alinipa mkono kwa heshima na kiti cha kukalia. Mimi sikukaa, nikaenda moja kwa moja kwenye nguzo.

Ndugu zangu, jasho lilinitoka. Jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya kreti za bia zilizopandana. Nguzo ilisimama juu ya mbao hizo, imebanwa kati ya ubao na boriti ya paa kwa nati moja chini, basi. Hakuna sahani ya chuma wala bolti. Nilipanda mbaoni nikaruka mara tano, mzee wa miaka sitini na saba naruka kama mbuzi, kisha nikaishika ile nati. Ilikuwa imelegea, naizungusha kwa vidole viwili.

"Afande, hii itaua mtu. Nataka kutoboa sakafu, niweke bolti nne."

"Mzee, hii simiti nimepiga mwaka jana. Kutoboa hapana."

"Na mtoto wangu?"

"Mtoto wako ni kichwa ngumu!" akasema, akimtazama Koku. "Mimi nilimwambia, kama unataka panki, iko panki nzuri. Ile ya redioni. Watu wanaimba pamoja, wanakaa, wanakunywa. Yeye anataka ile ya mtaa wa Katwe, ya kupiga kelele kama watu wako kwa vita. Mimi nimetoka vitani, Mzee. Sitaki ingine kwa baa yangu."

"Ile ya redioni si panki," Koku akasema.

"Na yako ni panki? Watu wanalipa mlangoni, unapanda chuma na viatu ya kung'aa. Panki gani hiyo, eh?"

"Baba anachomelea mageti ya kanisa na mageti ya baa. Geti la baa ni la uongo?"

Afande akanigeukia kama anayetaka hukumu. Mimi nilikuwa bado naitazama nati.

Siku hiyo mchana walikaa chumbani kwa Koku kuchagua nyimbo tatu za onyesho la Jumapili, yeye na Mado. Huyu Mado ni mwanamke wa Kikongo aliyekimbia vita mashariki mwa nchi yao. Mchana anauza vitenge, na ndiye mwimbaji wa kundi la panki la Katwe. Nilidhani kuchagua wimbo ni kupenda wimbo. Kumbe ni kazi ya fundi. Wa kwanza ni wa kuingia, wa pili ni wa kupunguza nguo, wa tatu ni wa nguzo. Na panki ni fupi, wimbo mzima hauzidi dakika moja na nusu, mtu hajamaliza vifungo umeisha. Koku alikuwa ameshona nguo zake upya ili zifunguke kwa mvuto mmoja. Wimbo mmoja aliukataa kwa sababu unasimama katikati kisha unaanza tena, watu watapiga makofi yeye akiwa bado hewani. Mwingine aliukataa kwa sababu ngoma inakimbia kuliko mtu anavyoweza kuzunguka.

Wa tatu ndio ulileta ugomvi. Koku akaniwekea ule wa redioni aliotaka Afande, halafu wa Mado. "Baba, wewe ni fundi. Sema."

Nawaambia ukweli, nilitaka kudanganya. Nilijua wimbo wa Afande utawakalisha watu vitini na nati itatulia. Neno moja tu la uongo na mtoto wangu angekuwa salama. Nikausikiliza. Kelele zake zilikuwa zimepigwa pasi. Yule kijana anayeimba analia lakini unajua ameshiba. Kisha ule wa Mado. Waliurekodi ndani ya banda la vyuma, grenda ya kukatia chuma inasikika nyuma, na kuna mahali anakohoa kisha anaendelea palepale kana kwamba kikohozi nacho ni mstari.

"Hapo ulikohoa," nikamwambia.

"Ndiyo, Papa. Ilikuwa moshi. Tulikuwa na siku moja tu, sikuweza kurudilia."

Kiburi changu kikanimaliza. Nimewafukuza mafundi wengi kwa kufunika kiungo kibovu kwa rangi. Sikuweza kusifu rangi. "Wa kwanza umepakwa rangi," nikasema. "Wa pili ni chuma."

Koku akapiga makofi. Mimi sikupiga, maana nilijua nimechagua nini.

Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi, nilikuwa Katwe, mtaa wa mafundi vyuma. Mado alinipeleka kwenye lile banda walimorekodi. Nilikuta mafundi wa kweli pale, watu wanaotengeneza mashine ya kusaga kutokana na gari bovu. Mwenye banda aliangalia mvi zangu akauliza, "Mzee, utaweza, au tukuchomelee?" Nikamwomba mashine. Baada ya kiungo cha kwanza aliacha kuuliza.

Kwa kuwa sakafu haitobolewi, nilitengeneza kitako cha chuma chenye miguu minne mirefu kama msalaba, cha kulala juu ya simiti chini ya jukwaa, na mifuko ya mchanga ya kukikandamiza. Nguzo ingepita kwenye tundu la ubao bila kuugusa, isimame juu ya msalaba huo, ibanwe hadi kwenye boriti ya paa kwa nati ileile ya chini. Watu wakiruka, mbao zicheze, nguzo isicheze.

Saa kumi jioni tulikuwa tumeshaifunga. Niliigonga kwa nyundo, ikalia vizuri. Lakini kuigonga si kuijaribu, na sikuwa na watu mia wa kuruka.

Usiku wa kuamkia Jumapili sikulala. Koku alilala kama mtoto.

Jumapili, saa kumi na moja jioni, ukumbi ulijaa. Wenye nywele zilizosimama, wenye pini puani, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi, wote. Nilimwambia Koku nitakuwa chini ya jukwaa na spana yangu. Chini hapo sitamwona, na nati itakuwa mkononi.

"Baba, si lazima."

"Ni lazima kwangu."

Afande akaniinulia turubai la pembeni nikaingia kwa magoti. "Mzee, wewe ndiye panki kuliko wote," akasema. Hakuna aliyecheka.

Giza, harufu ya bia ya zamani, na mbao kiganja kimoja juu ya kichwa changu. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilidhani paa limeanguka. Vumbi likanijaa machoni. Kreti zikawa zinalia kama nguruwe. Niliikumbatia nguzo kwa mkono wa kushoto, spana mkono wa kulia. Nati ilitulia.

Wimbo wa pili watu walipanda jukwaani, nilisikia buti. Nati ikasogea. Kidogo, upana wa ukucha. Nikaikaza. Ikasogea tena. Boriti ya paa ilikuwa inapumua, na boriti sikuwa nimeifikiria. Fundi wa miaka arobaini, nilitazama chini tu kwa sababu hofu yangu ilikuwa chini. Nikaanza kuomba kwa lugha ya mama yangu.

Wimbo wa tatu, uzito wa Koku ukaingia kwenye chuma. Niliusikia. Chuma kilianza kuvuma mikononi mwangu, juu, juu zaidi, kisha kikatulia, nikajua amegeuka kichwa chini. Mado akakohoa kwenye kanda. Nati ikasogea, nikaikaza kwa nguvu zote nilizobaki nazo.

Halafu wimbo ukaisha.

Kimya. Sikusikia miguu ikitua wala makofi. Watu wote mia wamenyamaza, na mbao juu yangu zimetulia kabisa. Nikafikiri ameanguka. Kulikuwa na mwanga kwenye ufa wa turubai, ningeweza kuchungulia. Lakini kuchungulia ni kuiacha nati. Nikabaki nimeshika, sijui namshika mtoto wangu au nashika bomba tupu.

Kisha chuma kikavuma. Taratibu sana. Alikuwa bado juu. Wimbo ulikuwa mfupi kuliko mchezo wake, naye hakutaka kuharakisha. Alikuwa anashuka bila muziki, mkono mmoja, kisha mwingine, na mimi nilihesabu kila mkono kwenye kiganja changu mpaka miguu miwili ikatua juu ya kichwa changu kama mtu anayeweka vikombe mezani.

Ndipo zile kelele zikaja.

Alipofunua turubai alikuwa amejifunga kitenge cha Mado mpaka shingoni. "Baba, toka."

"Vidole havifunguki," nikamwambia.

Akaingia kwa magoti humo vumbini, akanifungua vidole kimoja kimoja kwenye spana.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi, nilirudi ukumbini nikamwonyesha Afande boriti. Alipanda ngazi mwenyewe, akaishika, akashuka. Akasema ataweka nyingine ya chuma, na fundi wa Katwe ataifunga. "Na simiti?" nikamuuliza. Akatazama sakafu yake muda mrefu. "Toboa," akasema. Nikatoboa, nikafunga bolti nne. Nilikosa basi la asubuhi, nikapanda la mchana.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Panki sijaipenda, masikio yangu bado yanalia. Nimejifunza kwamba nikiogopa kitu nakitazama kupita kiasi, nasahau kuinua macho. Na bado naogopa. Kila Jumapili jioni, Koku akiwa juu ya nguzo, huwa naweka vifaa chini mpaka giza liingie.

Nilipofika nyumbani mke wangu alinisubiri nioge, nile, kisha akauliza lile ambalo ninyi nyote mnaona haya kuuliza. "Anacheza vizuri?"

"Anashuka polepole," nikamwambia.