Waliokwenda kwa Bibi Kizee

Dufie Amponsah alifunga kilemba, akakifungua, akakifunga tena. Alikuwa mkuu wa programu ya uhusiano wa kimataifa katika chuo kimoja cha Kumasi, mama wa miaka hamsini na ushee mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na asubuhi ile sauti yenyewe ilikuwa inamtetemeka. Kamati ya chuo ilikuwa njiani kuja kuamua kama programu yake ibaki au ivunjwe, imezwe na idara ya siasa.

Programu hiyo aliianzisha mwenyewe. Aliacha kazi nzuri wizarani, ndugu zake wakasema amerogwa, akapewa chumba kimoja chenye feni bovu. Sasa wanafunzi walikuwa wanakaa mpaka madirishani.

Mwingine angeipokea kamati kwa hotuba ndefu na soda baridi. Dufie? Thubutu! Alitaka waone mtihani wenyewe, yaani mkutano wa kuigiza wa marais, na sharti lake halikuwa na mjadala: mkutano ukishaanza, hakuna mwalimu kufungua mdomo.

"Madamu, hawa watoto watatuaibisha," alisema Yeboah, mwalimu wa sheria, kijana anayevaa tai hata Jumapili.

"Wakituaibisha, tutaaibika wote. Nenda ukae."

Kamati ikafika, ikaketi, mkutano ukaanza, na ulikuwa moto! Nchi mbili ziligombania malori ya vitunguu yaliyozuiwa mpakani. Boadu, rais wa upande mmoja, aligonga meza mpaka glasi zikaruka. Rais wa pili akamwita mwizi wa mchana. Dufie alikuwa ukingoni mwa kiti kwa raha, hivi ndivyo alivyowafundisha!

Ghafla wanafunzi watatu waliokuwa wasuluhishi, wakiongozwa na binti aitwaye Frema, wakainuka kimya kimya, wakatoka nje.

Raha ikamtoka Dufie mwili mzima. Wamesusia! Muhula mzima alikuwa amewasomesha habari za wajumbe wanaosusia mikutano, kumbe alikuwa anajichimbia kaburi.

Profesa Kwarteng, mwenyekiti wa kamati, akamgeukia. "Daktari Amponsah, ndiyo diplomasia hii? Mtu akikasirika anajiendea zake?"

"Niwafuate?" Yeboah alinong'ona, ameshainuka nusu. "Neno moja tu, Madamu!"

Neno lilikuwa limemfika kooni. Akauma ncha ya kitambaa chake cha begani, akatikisa kichwa. Hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani kupiga kelele saa ile.

Mlango ukafunguliwa. Frema akarudi na wenzake, akasimama wima.

"Waheshimiwa, tuwieni radhi. Tulikwenda kumwuliza bibi kizee."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Nani pale hakuujua mtindo huo? Wazee wa baraza la chifu, kesi ikiwa ngumu, hujitenga pembeni kushauriana mbali na wagomvi, wakirudi husema walikwenda kwa bibi kizee. Bibi mwenyewe hayupo. Dufie amekulia jirani na baraza kama hilo, na bado, kwa wingi wa vitabu vya mikutano ya Ulaya, alipoliona jambo la kwao alilidhani la wageni. Aliona haya, na akafurahi kuliko alivyoona haya.

"Bibi anasema malori yapite leo," Frema aliendelea. "Ugomvi ubaki hapa mezani."

"Huyo bibi hajui uchumi!" Boadu alibweka, watu wakavunjika mbavu. Lakini akatia saini.

Kicheko hakijaisha, Profesa Kwarteng akainuka. Wanakamati wenzake wakamfuata. Hawakumwambia mtu kitu, wakatoka nje kwa mlango uleule.

"Mungu wangu," Yeboah alisema, ameishika tai yake kwa mikono miwili. "Hawa je, wamesusia?"

"Nyamaza, baba. Keti." Dufie mwenyewe hakuweza kuketi.

Walipoingia tena, Kwarteng alikuwa amekunja uso, akamtazama Dufie moja kwa moja.

"Bibi kizee ametugombeza sana," alisema. "Anauliza wanafunzi wapya wa mwakani watakaa wapi, maana madirisha yameshajaa. Na hilo feni, anasema ni aibu."

Dufie, aliyewakataza walimu wote kufungua mdomo, alipiga ukelele uliowatoa wapishi jikoni.